Hatua Mbili Katito

"Nakhumicha, sitaki kusikia tena habari ya mchezo wa chesi!"

"Basi usisikie, bosi. Lakini askari wa kizuizi cha Katito hawaondoki hapa."

Redio ya Motorola ilinguruma. Upande wa pili alikuwa Wesonga, mkuu wa kikosi, ofisini Kisumu, chini ya feni. Katito aliijua kwa kununua ndizi tu, na hata hizo alinunulia dirishani mwa gari.

"Lori liko Pap Onditi! Limejaa bunduki! Na nani alikuruhusu kuuliza watu wa Facebook kazi ya serikali?"

"Wewe ulishindwa. Nikauliza wengine."

Ni kweli alishindwa. Juzi, jasusi Nakhumicha alinasa ujumbe kutoka simu ya Sydney, kiongozi wa magendo. Picha ya ubao wa sataranji, kete saba. Chini ya miraba, kwa wino hafifu, ramani ya Nyakach, Sondu hadi Katito. Na maneno matano: nyeupe ishinde kwa hatua mbili.

Mzigo ulijulikana. Viwashio mia mbili vya mabomu, kwa bandari ya Kisumu.

Nabwire, dada yake Nakhumicha, huuza chai kwenye lango la bandari hiyo.

Ofisi ilikesha na kete. Wenye digrii waliisukuma ngome kila upande. Wakaandika ripoti ya kurasa nne kwamba haiwezekani.

Nakhumicha alikata ramani, akaiweka picha kwenye kundi la wapenzi wa sataranji.

Dakika mbili tu.

"Dada, hili fumbo linajulikana dunia nzima. Nenda ukapike," aliandika Amir fulani.

"Sikuuliza umaarufu wake. Nataka jibu."

Aliyejibu kama mtu mzima ni mwalimu mmoja aitwaye Afnan. "Peleka ngome yako mbele ya kitunda chake, ile kete ndogo, lakini kwa mshazari. Acha iliwe. Kitunda kikiila, kimeacha nafasi yake wazi. Kitunda chako kinaingia hapo hapo. Mfalme amekwisha."

Nakhumicha akairudisha ramani chini ya miraba.

Ngome, chambo cha kuliwa, inatua Pap Onditi. Kitunda cheusi ni kizuizi cha polisi, Katito. Kitunda cheupe kinangoja barabara ya Sondu.

Fumbo linalojulikana dunia nzima! Ndilo walilochagua kufichia siri. Wajinga wenye laptop.

"Bosi, hizo bunduki umeziona?"

"Mtu amepiga simu!"

"Ana jina?"

Redioni karatasi zilipekuliwa.

"Nimeuliza watu wa huko. Lori limeegeshwa sokoni saa nzima. Dereva anatafuna muwa. Linangoja kushikwa, bosi. Ukilishika, hapa hakuna mtu."

"Ni amri! Askari wote, Pap Onditi, sasa hivi!"

Sajini Adongo, aliyeshika kamba ya misumari ya barabarani, alimtazama. "Yawa, jamani, madam. Huyo amekasirika. Twende?"

Nakhumicha alikuwa akitazama barabara. Darubini ya Bushnell ilikuwa machoni.

Kutoka Sondu, Toyota Probox. Nyeupe.

Ilikuwa siku ya soko. Probox ya njia hii hubeba watu kumi, na kuku juu ya mapaja. Hii ilikuwa na wawili.

Wawili! Na mikanda wamefunga.

"Wamesoma chesi," alisema Nakhumicha, "lakini hawajawahi kupanda Probox."

Adongo alicheka. "Mimi hata sijui kama huwa na mikanda."

"Nakhumicha! Nitakufuta kazi! Unanisikia?"

Mita mia mbili.

Alimsikia vizuri sana. Akaizima redio.

"Vuta, Sajini."

Misumari iliruka katikati ya lami. Matairi manne yalipasuka kwa pamoja. Probox iliyumba, ikalala mtaroni. Sydney, kando ya dereva, alipapasa kutafuta bastola, lakini mkanda ulimbana kifua. Alipoinua macho, Glock ya Nakhumicha ilikuwa sikioni mwake.

Nyuma, chini ya magunia ya omena, dagaa wa ziwani, Adongo alifungua kreti.

"Viwashio, madam. Vyote."

"Nani amekuambia?" Sydney alifoka.

"Watu wa Facebook. Mmoja alinituma jikoni."

Akamwachia Adongo pingu. Akajipangusa vumbi, akawasha redio huku akielekea kwenye gari lake bila haraka.

"Bosi, lori lako bado liko Pap Onditi. Ukienda kulishika, muulize dereva kama muwa umebaki."

Akaizima tena.