Mwiko wa Marehemu

"Ule mwiko umeutoa wapi, dada?"

Fundi wa mapazia aliuliza akiwa juu ya kiti, tepu shingoni, pini mdomoni. Nusura azimeze. Alikuwa anatundika pazia la sebuleni, macho yakamponyoka hadi bustanini, akaona chupa ya plastiki inaning'inia kwenye tawi, ndege wameizunguka wanagombania nafasi. Chupa haikumshtua. Kilichomshtua ni mwiko wa mbao uliopita katikati yake.

Mwenye nyumba alikuja dirishani akicheka. Alikuwa mfamasia, mwanamke mchangamfu ambaye hata ukimpa pole atakujibu kwa utani.

"Aa, ile! Kaitengeneza mchumba wangu. Rahisi sana, fundi! Unatoboa chupa tundu huku na tundu kule, unapitisha mwiko, unajaza mtama, unaifunga waya shingoni. Punje zinadondokea pale kwenye upana wa mwiko, ndege anatua, anakula zake."

"Naomba nikaione kwa karibu."

"Twende. Kumbe na wewe unapenda ndege?"

Fundi hakuwa na habari na ndege. Alifika chini ya mti, akaushika mpini, akaugeuza. Mpini ulikuwa na ufa, na ufa umefungwa kwa uzi wa zambarau, ncha ya uzi imefichwa kwa ndani. Fundo lile analijua kama jina lake. Alilifunga mwenyewe siku mwiko ule, alioachiwa na mama yake, ulipopasuka.

Mwezi uliopita mwiko huo ulipotea jikoni kwake. Alipindua nyumba nzima. Mumewe, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima unamwita Barafu, akamwambia, "Muulize mama wa jirani. Si ndiye mwenye tabia ya kuazima bila kurudisha?" Akaenda kuuliza. Walirushiana maneno mazito, mpaka leo hawasalimiani.

"Huo mwiko una historia yake," mfamasia alinong'ona. "Ulikuwa wa marehemu mkewe."

"Ma... marehemu?"

"Maskini, alifiwa. Mkewe alianguka jikoni anakoroga mboga. Presha! Akafa palepale. Basi mchumba wangu akasema kuutupa hawezi, kuupikia hawezi, bora ulishe viumbe wa Mungu. Fundi, siku anautengeneza huu mtambo wake alilia mpaka na mimi nikalia."

Fundi alijishika shingoni. Mapigo yalikuwepo.

"Alikufa lini?"

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi! Jamani, na asubuhi hii hii marehemu kapiga pasi shati la mtu, kamwekea chakula, kaagwa kwa "baadaye, mke wangu, leo nina friji kubwa la kutengeneza"!

"Na harusi ni lini?"

"Si Jumamosi! Ndiyo maana nakukimbiza na mapazia."

Fundi aliegemea mti. Pazia la chumbani alikuwa amelishona kwa moyo wote, tena rangi kachagua yeye. Kumbe anampambia mumewe chumba cha bibi harusi! Ilimuuma, ilimuuma kifuani kabisa, lakini machozi yalikuwa bado hayajaipata njia.

"Mpigie," alisema. "Nataka nimpe pole."

"Una utu wewe!"

Mfamasia akapiga, akaweka sauti ya juu. Kwenye kioo jina likasomeka "Sukari".

"Haloo, roho yangu," ikajibu sauti ambayo fundi ameilalia kifuani miaka yote ya ndoa.

"Mpenzi, fundi wa mapazia kaguswa na mwiko wa marehemu. Anataka kukupa pole."

Sukari akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeonewa na dunia.

"Mwambie asante. Ila asinikumbushe sana. Nikimkumbuka yule mama, hata kazi hazifanyiki."

"Usilie, Barafu," fundi akasema. "Marehemu mwenyewe ndiye anayeongea."

Kikasikika kitu cha chuma kikidondoka sakafuni.

"Haloo? Haloo? Mtandao huku..."

Simu ikakatika.

"Fundi, umemwitaje mchumba wangu?"

Fundi alitoa simu yake, akamwonyesha picha. Barafu huyo, meno yote nje, mkono begani kwa mkewe.

"Hilo shati nimelishona mimi," alisema. "Nililishona baada ya kufa."

Mfamasia aliketi kwenye nyasi kama mzigo ulioachiwa. Alitazama picha, akamtazama fundi, akarudi kwenye picha.

"Mungu wangu! Mimi nakuombea! Kila siku nikilala nakuombea upumzike kwa amani!"

"Asante, dada. Sijapumzika hata siku moja."

Wakatazamana. Kicheko kikawatoka wote wawili, kikageuka kilio katikati bila taarifa. Sasa machozi ya fundi yalikuwa yameipata njia.

Mfamasia akavua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa gauni.

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua. Angekuoaje kama ungejua?"

"Harusi hakuna. Lakini mapazia niwekee. Madirisha yangu hayana kosa."

Fundi akauchomoa mwiko wake. Mtama ukamwagika, ndege wakashuka mpaka miguuni mwao. Mfamasia akaitazama ile chupa iliyobaki na matundu matupu, akasikitika.

"Na ndege wangu?"

Fundi akachomoa rula yake ya mbao mkobani, akaipitisha kwenye matundu, ikakaa sawasawa. Kisha akarudi ndani kumalizia mapazia.

Jioni alianza kwa jirani. Mama yule alifungua mlango amekunja uso.

"Nisamehe, mama. Nilikusingizia. Mwiko nimeuona."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye msiba wangu."

"Weee! Ingia ndani unieleze vizuri!"

Aliporudi kwake alifunga mlango kwa komeo, akaosha mwiko, akabandika mboga jikoni. Simu ikaita, ikaita tena. Kisha ujumbe: "Mke wangu nipo nje. Shetani alinipitia. Nifungulie nikueleze."

Hodi zikaanza, za unyonge kwanza, halafu za kusihi.

"Mke wangu! Najua upo, nasikia sufuria!"

Akapunguza moto, akaandika kwa kidole kimoja: "Pole sana kwa msiba, Barafu. Marehemu hafungui mlango."

Akautuma, akazima simu, akarudi kukoroga mboga. Presha yake ilikuwa sawa kabisa.