Dada Chausiku Ajisemea

Manundu nzima, hapa mjini Korogwe, hakuna kijana anayejua kuzungumza ofisini kama mimi, Sabiri wa kidato cha tatu. Na uongo siujui kabisa.

Kwetu siku huanza hivi: dada yangu Chausiku huwasha jiko, hukoroga uji, kisha huniamsha mara tatu. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, lakini mikono yake inatosha watu wawili. Ni msusi. Akishakushika kichwa, hutoki mkekani mpaka amalize.

Alipokuwa mdogo, mradi wa watoto wenye ulemavu ulimpa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Sasa ametimiza miaka kumi na minane. Jalada lake la utoto limefungwa, na baiskeli imekuwa ndogo hadi magoti yanagonga usukani. Wasusi wenzake wamempa nafasi kwenye kibanda chao sokoni, lakini bila baiskeli kubwa hafiki. Ilibidi aombe upya, kama mtu mzima.

Mama alikuwa Handeni, akimsaidia bibi kuvuna mahindi. Alipiga simu.

"Sabiri, msindikize dada yako. Umsindikize tu. Maneno mwachie mwenyewe."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikasema.

Tulikwenda kwa bajaji, na ofisini tulimwamkia Bi Rhoda, afisa ustawi wa jamii. Jirani yetu, Mzee Mbwana, alikaa karibu na mlango akingoja zamu yake.

"Chausiku, unafanya kazi gani?" Bi Rhoda aliuliza.

"Hafanyi," nikadakia. "Hawezi."

"Kupika je?"

"Hata uji unamshinda, mama. Kupika mimi, kufua mimi." Niliamini kwamba nikimfanya mnyonge zaidi, baiskeli itakuja upesi zaidi.

Bi Rhoda aliandika kwenye fomu, akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Poleni sana. Basi baiskeli ya kunyonga haimfai. Tutamwombea kiti cha kusukumwa, na mama yenu ataandikwa msimamizi. Mambo yake yote atasaini mama."

Nikafungua mdomo nirekebishe mambo. Nikamtazama dada. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeuziwa maharage mabovu.

"Sabiri, nyamaza sasa," alisema taratibu. "Kwa dakika tano umenirudisha utotoni." Akamgeukia Bi Rhoda. "Mama, mimi ni msusi. Ninapika, ninafua. Hata shati alilovaa huyu nimelifua mimi jana. Kinachonishinda ni umbali tu."

Bi Rhoda alilitazama shati langu. Kola ilikuwa inang'aa. Akaichana ile fomu, akatupeleka uani kulikokuwa na baiskeli kubwa ya matairi matatu. Chausiku alipanda mwenyewe, akazunguka ua mara mbili, na mara ya tatu akanizunguka mimi, karibu anikanyage vidole.

Tuliporudi ndani alijibu maswali yote, akasaini kwa mkono wake. Baiskeli ile ile ikaandikwa jina lake.

"Sabiri," Bi Rhoda akaniambia, "unampenda dada yako, hilo naliona. Lakini uongo wa huruma nao ni uongo. Nusura umnyime kile kile ulichokuja kumtafutia. Tukijua ukweli ndipo tunatoa msaada unaofaa. Na ukweli wa mtu mzima, mwache auseme mwenyewe."

"Nimeelewa, mama," nikasema. Kisha nikajaribu kuokoa heshima yangu kidogo. "Ila nilikuwa nampima tu dada, nione kama anaweza kujisemea."

Mzee Mbwana akakohoa pale mlangoni.

"Mjukuu wangu, kwenye benchi la nje si nilikaa katikati yenu? Ulimwambia, 'Dada, wewe inamisha kichwa, na chozi likipatikana litoe. Mengine niachie mimi.'"