Kayamba Halimo

Elkana alipokanyaga Kongowea kwa mara ya kwanza hakuja kununua vitunguu. Alipenya kati ya magunia na mikokoteni, fulana ya kazi kaifunga kiunoni, akimuuliza kila mwenye meza ni wapi atapata chipu ya kuundia amplifaya. Wauza viazi walimtazama wakatazamana. Mwishowe Rosalia, mama wa vitunguu, alimwonyesha kwa kidevu: meza ya mwisho, pale ukutani, kwa Dama mwenye redio zilizokufa.

Dama alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, bisibisi mkononi, akiichambua runinga mbovu. Alivaa dera la manjano lililofifia mabegani na leso ya maua kiunoni. Meza hiyo aliirithi kwa babake, Mzee Kenga, aliyekuwa fundi redio, na pamoja na meza alirithi jina: kwa Kenga huuziwi bandia. Jina hilo ndilo lililomlisha yeye na mamake katika chumba chao cha Kisauni. Kitu kingine cha kujivunia hakuwa nacho.

"Natafuta 3886," Elkana alisema. "Mbili, ya kushoto na ya kulia. Lakini ziwe orijino, dada. Zile nilizopata mjini ziliungua kabla wimbo haujaisha."

"Wote husema zao ni orijino."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Dama akatoa mkebe, akachagua chipu mbili nyeusi zenye miguu mingi kama jongoo. Alichovya pamba katika dawa ya kufutia rangi ya kucha, akayasugua maandishi kwa nguvu. Hayakutoka. Akamweleza kwamba chipu bandia huandikwa upya kwa wino, na wino huo haustahimili dawa hii. Ndiyo maana kucha zake mwenyewe hazijawahi kuona rangi, chupa yote huishia mezani. Muda wote aliokuwa akieleza, Elkana alimtazama mdomo.

"Umeziangalia lakini?" Dama aliuliza.

"Nimekuangalia wewe."

"Mimi siuzwi."

"Basi nifungie hizo mbili. Kesho nitarudi kuuliza transfoma."

Alirudi. Amplifaya ina vipande vingi, na mwanamume aliyependa havinunui vyote siku moja. Jumamosi moja zilikuwa kapasita, Jumamosi nyingine waya. Bamba la alumini la kupozea chipu walilitafuta pamoja kwa wauza vyuma chakavu wa Changamwe, Dama kavaa sketi nyeupe ambayo haikufaa kabisa kwa safari ile, na alijua, na aliivaa hivyo hivyo. Transfoma ya duara waliing'oa katika mtambo uliokufa wa kanisa la Dama kule Kiembeni. Elkana aliibeba begani, mhubiri akawauliza kama ni posa inayobebwa ile, nao wakacheka hadi barabarani.

Elkana alikuwa Mkamba wa Mwingi, na kwa miaka minane alikuwa akifunga makontena katika yadi moja nyuma ya Kipevu, mashine zikinguruma pembeni mwake kutwa. Alimwambia Dama kwamba muziki wa simu siku hizi haumshibishi, ni kama unapigiwa nyuma ya blanketi. Alitaka aunde kitu kitakachouleta karibu. Dama alimjibu kwamba anachotaka ni kuwahamisha majirani. Hata hivyo alimpa simu yake anakili humo wimbo wa kwaya ya kanisa lao, ule ambao yeye mwenyewe hutikisa kayamba mwanzo hadi mwisho.

"Wa kwanza kupigwa uwe wangu," alimwambia.

"Utakuwa wako, malkia. Na Disemba wajomba zangu watakuja Kisauni kumwona mamako."

Dama hakulala vizuri siku hiyo kwa furaha. Kama kulikuwa na doa, lilikuwa hili: mwanzoni Elkana alimpigia simu kila jioni, wakataniana hadi salio liishe. Sasa hapigi tena. Akipigiwa hapokei, kisha ujumbe unaingia: niandikie mpenzi, hapa kuna kelele. Hata siku zake za mapumziko kulikuwa na kelele.

Mwezi wa tisa amplifaya ikakamilika. Dama alisubiri sifa, akaja mtu mwenye uso uliokunjamana. Elkana alisema mtambo unavuma tu. Besi ipo, sauti za kiume zipo, kayamba halimo.

Dama alimpa chipu nyingine mbili, akazisugua mbele yake. Baada ya wiki alirudi na maneno yale yale. Dama akambadilishia kapasita, akambadilishia waya, akampa tena chipu. Akaenda hadi kwa Abdulaziz, aliyekuwa akimletea mzigo tangu enzi za babake, akamwambia usoni kwamba amemwingizia bandia.

"Wallahi sijamtia mtu bandia tangu nianze kazi hii," Abdulaziz alimjibu taratibu. "Nilimheshimu babako. Wewe umenivunjia heshima mlangoni kwangu. Chukua njia yako, mwanangu, utafute mwingine."

Mara ya nne Elkana hakunong'ona. Alimwaga chipu mezani mbele ya wateja watatu.

"Umeniuzia feki, Dama. Mara nne. Mimi ni wa kuchezewa?"

"Si ulishuhudia nikizifuta?"

"Niliona mikono mizuri. Kumbe ndiyo biashara."

Neno hilo lilimchoma Dama pabaya. Alimwambia arudi kwao Mwingi akaunde filimbi. Elkana akaondoka, na kabla hajafika nyumbani akaandika katika kundi la mafundi la WhatsApp: jihadharini na chipu za Dama wa Kongowea. Kundi lile lina mafundi mia mbili, kutoka Likoni hadi Mtwapa.

Baada ya hapo meza ilikaa kama ya msiba. Mafundi waliozoea kupita walipita upande wa pili. Dama alimpigia Elkana mara kumi na tisa kwa siku tatu, na simu iliita hadi ikakatika. Rosalia alisema wazi alichokuwa akikifikiri kila mtu, kwamba mwanamume asiyepokea simu ana wa kumpokelea. Dama alilia nyuma ya magunia, akajifuta, akaamua.

Jumapili alitoka kanisani na gauni lake la bluu la kwaya, leso mabegani, akaenda Changamwe alikopanga Elkana. Katika mkoba alikuwa na mita ya kupimia umeme. Atapima kila waya mbele ya Elkana. Chipu zikiwa mbovu atamwomba radhi mbele ya watu; zikiwa nzima, aombwe yeye, na jina lake lirudishwe palepale lilipovuliwa.

Mwanzoni mwa kichochoro alisimama ghafla. Wimbo wa kwaya yao ulikuwa ukitoka chumba cha tatu, cha Elkana, na kayamba lake lilikuwa mbele ya yote, kali, linachakacha, unaweza kuzihesabu mbegu. Hajawahi kulisikia hivyo maishani. Hasira ikampanda kichwani. Kumbe mtambo unafanya kazi! Kumbe ni uongo uliotungwa ili aachwe.

Mlango ulikuwa wazi. Elkana alikuwa amempa mgongo, ameinamia mtambo. Dama alimwita mara mbili, hakugeuka. Alipomgusa bega aliruka.

"Umekuja kujionea," alisema Elkana, uso ukijaribu kufurahi na kununa kwa pamoja. "Haya sikiliza. Ni kama watu wanaimba ndani ya pipa. Kayamba halimo."

Dama alifungua mdomo amtukane. Hakuwahi. Jirani, Florence, alikuwa amesimama mlangoni, viganja masikioni.

"Elkana, nakuomba kwa heshima," alisema, "hilo kayamba lako linanitoboa kichwa tangu asubuhi. Punguza kidogo."

Elkana alimtazama mdomo, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Hakupunguza chochote. Florence aliguna, akaenda zake.

 Dama alikumbuka siku ile Kongowea, na zile zote zilizofuata, mwanamume akimtazama midomo, naye akijiambia anatamaniwa. Alinyoosha mkono akazima mtambo. Kisha akainua ncha ya leso kama anayejifuta jasho, akaufunika mdomo.

"Elkana," alisema kwa sauti ya kawaida, "nakupenda. Kama wanisikia, nijibu."

Elkana alisubiri. Alisubiri kwa adabu kabisa.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza.

Dama akaishusha leso na kumwambia, polepole, akimwonyesha kila neno. Chipu ni nzima. Amplifaya ni nzima, tena hajaona iliyoundwa vizuri kuliko hiyo. Kilichokufa ni masikio yake.

Kwanza Elkana alicheka. Halafu alikasirika. Halafu aliketi kitandani akakiri kwamba tangu mwaka jana kuna mluzi kichwani, kama wa birika linalochemka, hauishi usiku wala mchana, na alidhani ni uchovu. Simu hapokei kwa sababu ndani ya simu haoni mdomo wa mtu. Dama alipiga magoti akamsihi aache kazi ya yadi kabla mashine hazijampitia.

"Niache nile nini? Nikuoe na nini?" Elkana alimjibu. "Wakijua watanitoa siku hiyo hiyo. Dama, ukilisema hili kwa mtu umenizika. Nenda nyumbani."

"Nakuogopea."

"Nimesema nenda."

Dama alikwenda. Na hapa ndipo mtu angepaswa kumwona, usiku baada ya usiku, simu mkononi. Sentensi moja katika lile kundi ingemrudishia wateja, ingemrudishia Abdulaziz, ingemrudishia babake kaburini heshima yake. Aliiandika mara nyingi, akaifuta. Runinga alizokuwa amezichambua kwa miaka akaziuza kwa kilo, kama mabati. Mamake alipouliza mbona hamna samaki, alisema bahari imechafuka. Rosalia alimwambia ajitetee hata kidogo. Dama alisema hana la kusema, na moyoni alimchukia Elkana na kumwombea katika pumzi ile ile.

Alikuwa akimwombea asubuhi ambayo lori lilirudi nyuma yadini. Lilipiga honi, likapiga tena. Elkana alikuwa ameinama akikaza mnyororo. Mwenzake, Hassan, alipiga kelele, akaona hakuna faida, akaruka akamsukuma. Elkana alichubuka viwiko. Mguu wa Hassan ulibaki chini ya tairi, na hospitalini ukakatwa chini ya goti.

Wakubwa wa yadi walipoanza kuuliza nani alaumiwe, Elkana hakungoja zamu yake. Alisema mwenyewe kwamba hasikii, na kwamba alijua. Unga ukamwagika siku hiyo hiyo, kazi ikaisha. Alikaa kando ya kitanda cha Hassan wiki nzima, na Hassan hakumtupia hata neno moja la lawama, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

Kisha akaja Kongowea. Ilikuwa saa nne, malori ya bara yanashusha kabichi, soko linachemka. Elkana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, amekonda. Hakwenda moja kwa moja kwa Dama. Alianza kwa fundi wa feni, akaenda kwa muuza betri, akaenda kwa wauza spika, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyeweza kujipima: chipu za Dama ni orijino, mimi ndiye kiziwi, nilimsingizia. Kwenye kundi alikuwa ameshaandika alfajiri. Watu walimtazama kwa huruma. Wengine walicheka. Hakujua wepi ni wepi, akaendelea hadi alipofika mbele ya meza ya ukutani, ambayo juu yake kulibaki mkebe mmoja tu.

"Nimekuvunjia jina," alisema. "Nimelirudisha kadiri nilivyoweza. Ungeweza kunitangaza, na hukunitangaza, na kimya chako kimemgharimu Hassan mguu na kimekugharimu meza. Kosa hilo ni langu, si lako."

Dama aliushika mkebe kwa mikono miwili.

"Daktari amesema masikio hayarudi. Yataendelea kwisha. Kazi sina. Wajomba wanaweza kuja, lakini watakuwa wakimposea mtu wa namna hii. Nakuuliza mbele ya hawa wote: utanikubali hivi nilivyo?"

Rosalia aliacha kupima vitunguu. Dama alilelewa na mama wa Kigiriama, na mwanamke aliyelelewa hivyo, akiulizwa jambo kama hilo mbele za watu, hainui uso. Aliinama. Machozi yalimdondokea mkebeni. Aliiambia meza, "Nimekubali."

Elkana aliona utosi tu. Alisubiri muda mrefu, mikono kaishikanisha mbele, kisha akaelewa alivyoelewa.

"Sawa," alisema. "Ni haki yako, Dama."

Akageuka, akashika njia kati ya magunia.

Dama alipoinua macho, shati jeupe lilikuwa limeshampita Rosalia. Alimwita. Akaita tena. Akasahau malezi, akapanda juu ya kreti, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Elkana, nimekubali! Nimekubali!"

Wauza kabichi waligeuka. Dereva mmoja wa lori alizima injini atoe kichwa aone. Watu wa Kongowea wote walilipata jibu kabla ya aliyeuliza, na aliyeuliza alizidi kwenda, mgongo umemwinama, akiwapisha watu kwa adabu.

Hamali mmoja aliyekuwa akija mbele yake aliliacha rukwama lake, akamkamata mabega kwa mikono miwili na kumgeuza.

"Kuna nini?" Elkana alimuuliza, akimtazama usoni. "Anasema nini?"

Hamali hakujua mtu wa aina hii husemeshwa vipi. Alimwonyesha Dama juu ya kreti, kisha akaitikia kwa kichwa, mara mbili, polepole.