Sauti Isiyojitaja

Bondeni mwa Ruaruke mtandao haufiki. Mwenye kutaka kupiga simu hupanda hadi kwenye kichuguu kilicho nyuma ya msikiti, akasimama hapo na kuinyoosha juu. Ndiyo maana asubuhi ile, simu ya Bi Habiba ilipotoa mlio mfupi wa ujumbe, Mzee Mwinyimvua Kondo, aliyekuwa chini ya dungu akitengeneza kombeo lake la kufukuzia ndege, aliinua uso akatazama juu.

Dungu lao lilikuwa kibanda cha makuti juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba la mpunga. Kila msimu, mpunga ukianza kushika, mtu na mkewe walihamia humo, wakalinda ndege mchana na nguruwe usiku mpaka mavuno.

"Mama Shamsia, simu imelia?"

"Imelia."

"Nani?"

Mkewe aliibonyeza. Kilichojibu ni simu yenyewe. "Mama, mmeamkaje huko? Ndege wanawasumbua?"

Ilikuwa sauti ya Shamsia binti Mwinyimvua, mtoto wao wa pekee, aliyefariki kwa homa huko Mbagala kabla ya Ramadhani. Walimleta Ruaruke wakamzika, na baba yake mwenyewe aliingia kaburini kumpokea.

Bi Habiba alichungulia kutoka juu, uso umemchangamka. "Umemsikia? Ujumbe ulichelewa njiani. Hata Nasma wa dungu la pili alipata salamu za sikukuu ya Idi miezi imepita."

"Huenda," alisema Mzee Mwinyimvua.

Simu ile Shamsia ndiye aliyemnunulia mama yake. Kwa kuwa mama hakujua kusoma, binti alimtumia sauti, karibu kila jioni. Sasa ilikuwa simu ya kuudhi. Betri ilivimba hadi kifuniko cha nyuma kikaachama. Mama akisikiliza sauti za marehemu, tangazo lilijipenyeza katikati, msichana anacheka na kumhimiza ajiunge na kifurushi. Na kila siku ilidai kwamba nafasi imejaa, afute vitu. Bi Habiba alifuta picha za harusi za watu, akafuta taarabu zake zote. Sauti ya Shamsia hakufuta hata moja.

Mzee Mwinyimvua alikuwa na neno lake juu ya simu, ingawa alilisema mara chache. Aliona zimewazoesha watu kutojitaja. Huko bondeni, anayeita kutoka dungu jingine hujitaja kwanza, jina lake na la baba yake, na asiyejitaja haitikiwi, hata akiwa na sauti ya mzazi wako. Mpunga ukirefuka humwoni anayeita, na si kila anayeita ni mtu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na babu yake, naye akamfundisha Shamsia angali mdogo. Binti alikua, akaenda mjini, na hata kwenye simu aliendelea hivyohivyo. "Mama, ni mimi, Shamsia wa Mwinyimvua," alianza kila mara, na wenzake wakamcheka, kwa kuwa kioo cha simu kilikwisha kuonyesha picha yake.

Sauti ya asubuhi ile haikujitaja. Mzee aliliona jambo hilo, akalinyamazia, kwa sababu mkewe alikuwa amekula uji wote siku hiyo.

Siku ya pili, jua likiwa la utosi, simu ililia tena.

"Mama," ilisema. Kisha, polepole, kama mtu anayelionja neno kabla ya kulimeza, "Mama, niitikie."

Harufu ya karafuu maiti ilipita chini ya makuti, harufu ileile aliyoisikia Mzee Mwinyimvua mara ya mwisho juu ya sanda. Aliweka mguu kwenye ngazi.

"Usiitike, Mama Shamsia."

"Abee, mwanangu," alisema Bi Habiba.

Ndege walikuwa maelfu katika mpunga. Wote walinyamaza.

Tangu hapo simu haikungoja kuguswa. Ilizungumza Bi Habiba akisonga ugali, ikazungumza akitawadha. Ilimwambia kipandio cha pili cha ngazi kimeoza, na kilikuwa kimeoza. Ilimwambia baba amechoka, ana hasira, asimsikilize. Bi Habiba aliacha kula. Alikaa pembeni mwa dungu, simu sikioni, akicheka kidogo na kuitikia kila alipoitwa, na mumewe akaona mifupa ya mabega yake ikijitokeza chini ya kanga.

Hatimaye aliichukua simu mkewe akiwa amesinzia, akamwomba Nasma amwangalie, akaenda Kibiti kwa fundi mmoja aitwaye Mudy, mwenye meza karibu na stendi.

"Mzee wangu, hii simu ina mimba," alisema Mudy, akiibonyeza mgongoni. "Inazaa lini?"

"Itazame sauti zake. Zinatoka wapi?"

Mudy alifungua, akasogeza kidole juu na chini, akaacha kutabasamu. "Laini ya huyu dada ilishafungwa. Na hizi za juu hazina tarehe wala saa. Hazikuingia kwa mtandao, mzee. Zimeingiaje?"

"Nimekuja kukuuliza wewe."

"Ngoja niitoe betri kwanza, isije ikatulipukia."

Aliing'oa betri, akaiweka mbali, mwisho wa meza. Simu ilibaki wazi, tumbo tupu, kioo cheusi. Watu walipita na mabeseni ya korosho, kondakta alikuwa akiita abiria wa Ikwiriri.

"Baba," ilisema simu.

Mzee Mwinyimvua alifumba mdomo mpaka meno yakauma. Koo lake lilikuwa tayari limeshaanza kuitikia.

"Baba, mama yuko peke yake."

Mudy alirudisha mikono mapajani. "Ichukue," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, mzee wangu, ichukue na betri yake."

Alirudi bondeni magharibi ikiingia. Nasma alisimama juu ya dungu lake akionyesha kidole upande wa mto, maana alikuwa ameteremka kuchota maji mara moja tu na aliporudi Bi Habiba hakuwapo, na Mzee Mwinyimvua akapita katikati ya mpunga uliomkata mikono, akisikia mbele yake sauti ya bintiye ikiita mama, mama, bila simu yoyote sasa, ikitoka kwenye matete, kisha kwenye maji, kisha ng'ambo, na kila ilipoita Bi Habiba aliitika abee na kupiga hatua nyingine, hata alipomfikia maji yalikuwa yamemfika kifuani na kanga yake inaelea nyuma yake kama kitu kilichokwisha kuachwa.

Alimshika kiunoni akamvuta. Hakupambana naye.

"Alikuwa karibu," alimwambia tu. "Umenichelewesha."

Bi Mwanawetu, mganga kutoka Mbwara, alifika kesho yake. Alichoma ubani, akamnywesha Bi Habiba kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua, kisha akaomba simu irudishiwe betri yake na iwekwe juu ya mkeka.

"Dada yangu, kimekuingia kwa sababu ulikiitikia," alisema. "Na kimejificha katika hizo sauti. Zinazojitaja ni za mwanao, zibaki. Zisizojitaja uzifute wewe, kwa mkono wako. Mwingine akizifuta hakitoki."

Bi Habiba alikubali, hata akatulia. Alibonyeza ya kwanza.

"Mama, ni mimi, Shamsia wa Mwinyimvua."

Akaiacha. Ya pili ikajitaja, na ya tatu. Alikwenda nazo moja moja, akitabasamu, hadi akafika ile iliyoingia asubuhi ya kwanza.

"Mama, ni mimi, Shamsia wa Mwinyimvua. Mmeamkaje huko? Ndege wanawasumbua?"

Mzee Mwinyimvua aliuzuia mkono wa mkewe. "Hii haikujitaja," alisema. "Nilikuwapo."

"Kimetusikia," alisema Bi Mwanawetu. "Sasa hata mimi siwezi kuzitenga. Basi zote."

"Zote hapana."

"Dada yangu, kikibaki na moja kitakurudisha mtoni."

Bi Habiba alimgeukia mumewe. "Baba Shamsia, wewe uliingia kaburini, ukampokea. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake, sikumshika. Nguo zake tumezigawa. Nimebaki na hizi tu."

Mzee Mwinyimvua alipiga magoti kando ya mkeka.

"Nilimshika," alisema. "Hakuwa na sauti, Mama Shamsia. Alikuwa kimya kabisa."

Mkewe alilia bila kelele. Kisha akashika simu, na mumewe akamwonyesha pa kuweka kidole. Kioo kikaandika swali.

"Kinasemaje?"

"Kinauliza kama una hakika."

"Sina," alisema Bi Habiba, akabonyeza.

Shamba zima lilivuta pumzi. Hapakuwa na upepo, lakini mpunga uliinama wote kuelekea dungu, ukakaa hivyo, na harufu ya karafuu maiti ikajaa hata macho yakawasha, na chini ya sakafu kitu kikapanda ngazi kipandio kimoja, kikasita, kikashuka, kikaondoka taratibu kuelekea mtoni kikilia kwa sauti ya mtoto mchanga, ya Shamsia alipokuwa wa siku chache, sauti ambayo haikuwahi kuwamo katika simu yoyote. Bi Habiba aliziba masikio. Mpunga ukainuka. Ndege wakarudi, na Mzee Mwinyimvua akawaacha wale watakavyo.

Bi Mwanawetu aliondoka na simu, akaizamisha mahali asipotaka kupataja.

Walivuna kidogo, wakarudi kijijini. Bi Habiba alianza kula, akanenepa, akatwanga na wenzake. Watu walimpongeza Mzee Mwinyimvua, naye alishukuru. Hakumwambia mtu kwamba kila alipojaribu kumkumbuka binti yake, hata akiwa mdogo, hata siku ya kwenda mjini, binti alifungua kinywa na kusema "Baba" vile simu ilivyosema juu ya meza ya Mudy. Aliitafuta ile sauti nyingine, ya kweli. Alikumbuka kwamba ilikuwapo.

Jioni moja, mkewe akichambua mchele barazani, alimwuliza taratibu, "Sauti ya mtoto, bado unaikumbuka?"

"Imenipotea," alisema Mzee Mwinyimvua.

"Pole, baba." Alipeta ungo, akapuliza makapi. "Mimi haijanipotea. Mwanzo ilikuwa mbali. Sasa kila siku inasogea."

Mzee Mwinyimvua alimtazama. Bi Habiba alikuwa ameacha kupeta na ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayeitwa kutoka uani, na midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka.