Dakika Kumi na Moja za Mama

Kama kuna mtu unayempenda, na kitu chake kimekaa mahali pamoja tu, soma haya taratibu, halafu inuka ukakitazame kama bado kipo.

Ilikuwa Jumatatu, Kahama mjini, saa ambayo kila mtu ana haraka. Duka la vifaa vya kompyuta la Selestine lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Asteria aliingia na gauni la kitenge cha njano lililomkaa kiunoni kama lilishonewa humo humo, vumbi limempaka miguu, mkononi ana diski ya nje iliyokufa. Kwenye kabati la kioo akaiona nyingine mpya, moja tu. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukamtangulia.

"Kaka, hiyo nimeiona mimi."

"Kuona kila mtu anaona, dada. Mimi nimeishika."

"Haya, ishike. Ukichoka utaiachia."

Mwanaume akacheka. Alikuwa mrefu, amevaa shati la jinzi na kizibao cha mifuko mingi cha wapiga picha. Jina lake Davis, mpiga video za harusi.

"Davis wa ile harusi ya Bugarama?" Asteria akauliza. "Mimi nahariri video, nimeiona kazi yako. Bibi harusi ulimkata kichwa."

"Alikuwa mrefu mno!"

"Kamera huwa inainuliwa, kaka yangu."

Selestine akagonga kaunta. "Nyie oaneni tu, mniachie nafasi nihudumie wateja."

Watu wakacheka. Davis akalipia ile diski, akampa Asteria, na kwenye risiti akamwandikia namba yake ya simu.

Kabla mwaka haujaisha walikuwa na studio moja, chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga Davis. Yeye anapiga, Asteria anahariri. Barua ya posa ilishafika Ushetu kwa mama yake Asteria, Mama Paskazia, mkulima wa tumbaku aliyemlea bintiye peke yake. Kazi zikaongezeka, na vurugu ikaongezeka. Kompyuta tatu, flashi hazijulikani ipi ina nini. Siku moja keki ya harusi ya Buseresere ikatokea katikati ya video ya watu wa Shinyanga, wenyewe wakaja juu.

Wakarudi kwa Selestine. Akawatolea visanduku viwili vyeusi, vya kuunganishwa kwenye ruta ya intaneti ili kila kompyuta ya nyumba ichukue na kuweka mafaili humo.

"Hiki kina diski moja. Ikifa, mmekufa nayo. Hiki kina mbili, na hapo mnachagua. Kila kitu kiandikwe mara mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Au mziunge ziwe moja kubwa, nafasi inaongezeka, ila ikifa moja zote zimekwenda."

"Tuunge," Davis akasema. "Msimu wa harusi unakuja."

"Iandikwe mara mbili," Asteria akasema. "Harusi ya mtu hairudiwi."

"Mwoga wewe, mpenzi."

"Mwoga wako."

Davis akakubali. Selestine akawaonya: "Mkishachagua msibadilishe njiani. Mkibadilisha, kinajifuta chote kinaanza upya. Na wekeni kopi nyingine nje ya hiyo nyumba. Mwizi hachukui diski moja akawaachia nyingine."

Wakacheka hadi barabarani. Kopi ya nje ya nyumba hawakuiweka. Nani ana muda?

Kwenye kisanduku kukawa na folda ya wote ya harusi, na kila mmoja akapewa ya kwake yenye namba ya siri.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Mama Paskazia akaugua, akawa wa kitandani kabisa. Asteria alienda Ushetu, akamkuta amekonda, kanga imemzidi. Siku ya tatu mama akamwambia, "Toa hiyo simu yako. Nirekodi. Ndoa yako sitaifikia."

"Mama, usiseme hivyo."

"Rekodi, mayu, mwanangu. Na huyo kijana asione mpaka siku mnatoka kanisani. Niahidi."

Akaahidi. Mama akaongea dakika kumi na moja, anapumzika, anaendelea. Aliporudi Kahama simu ilikuwa imejaa mpaka inagoma kupiga picha. Asteria akaihamisha ile video kwenye folda yake ya siri, akaifuta kwenye simu. Alijisemea moyoni, kule zimo diski mbili, ni salama.

Mama akafariki baada ya siku tisa.

Asteria akawa mtu wa kunyamaza. Anahariri vicheko vya watu na macho yamevimba. Mara kwa mara anaifungua ile folda, na Davis akiingia anaifunga haraka.

"Unaficha nini humo, Aste?"

"Utaona siku yake ikifika."

"Siku gani? Au ndiyo mambo ya Marselino?"

Marselino alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa Geita. Walimpigia video ya harusi ya dada yake, na tangu hapo alikuwa akimpigia Asteria simu na kumwita mrembo. Asteria hakumjibu Davis. Alimtazama tu, akarudi kwenye kompyuta. Angesema neno moja pale! Lakini alikuwa ameahidi, na kuchukizwa nako kulikuwepo.

Mwezi wa saba wakulima wakauza tumbaku, watu wakaanza kuoana kama wamepigiwa kengele. Wiki ya arobaini ya mama Asteria alikuwa Ushetu. Aliporudi studio asubuhi, Davis yuko kazini, alitaka kitu kimoja tu, asikie sauti ya mama. Akaandika namba yake ya siri. Ikakataa. Akarudia. Akatafuta folda. Haipo. Harusi zipo zote, folda haipo.

Akapiga simu.

"Davis, uko wapi?"

"Bugarama, kipenzi. Bibi harusi amegoma kushuka kwenye gari, anataka shangazi yake kwanza."

"Kisanduku umekifanyaje?"

Davis akasogea kando na ngoma za harusi.

"Nimeziunga diski, nafasi iliisha. Tuna harusi tisa, Aste. Nilizihamisha zote kwanza, hakuna iliyopotea."

"Na folda yangu?"

"Ile ilikuwa imefungwa."

"Ungenipigia!"

"Kisanduku kiliuliza kama nina uhakika." Sauti yake ikashuka. "Nikasema, kilichofichwa mle kiende tu. Nilijua ni picha za Marselino."

"Alikuwa mama yangu, Davis."

Kamera ya harusi ile ilibaki juu ya kigoda. Davis alifika Kahama mchana huo huo kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Akachomoa kisanduku, akapanda gari la Mwanza kwa fundi wa kurudisha mafaili yaliyofutika. Siku tatu. Asteria hakula cha maana. Aliipeleka simu yake kwa fundi wa pale mjini, fundi akatikisa kichwa. Akawapigia ndugu wote: hakuna mwenye sauti ya mama? Shangazi Rhoda akamwambia, "Mama yako alikuwa na simu ya kitochi, mwanangu. Sauti angerekodi wapi?" Usiku wa kuamkia siku ya tatu alijaribu kukumbuka mama alivyokuwa akilitamka jina lake, akalitamka mwenyewe kwa sauti, mara nyingi, na halikuwa lile.

Davis akarudi. Alisimama mlangoni, kisanduku kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Fundi anasema harusi zimeandikwa juu ya ile folda. Hakuna."

Asteria alikuwa ameshafunga begi. Davis akapiga magoti sakafuni, pale pale penye nyaya.

"Nipige. Nitukane. Tufunge ndoa Jumamosi hii au usiolewe nami kabisa, lakini sema neno."

Asteria akaketi kitini. Halafu akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Davis zaidi:

"Yale maneno ya mama yalikuwa yako. Mimi aliniambia mawili tu. Dakika zilizobaki zote alikuwa anaongea na wewe."

"Alisemaje, Aste?"

"Mengi nimesahau. Nilikuwa nalia huku nimeshika simu, nilijua nitasikiliza baadaye." Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Alisema, 'Mkwe wangu, huyu mtoto akiumia ananyamaza. Usimpigie kelele. Mchemshie chai ya maziwa, ukae naye, atasema mwenyewe.'"

Davis akainuka. Akaenda jikoni, akawasha gesi, maziwa yakafurika juu ya jiko na kunuka. Akaleta kikombe. Akakaa sakafuni karibu na begi. Hakuuliza kitu.

Asteria akainywa yote, taratibu.

"Alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kusema 'mkwe wangu'," akasema. "Hicho kikohozi ndicho nakitaka."

Akaweka kikombe chini, akavua pete ya uchumba, akaiweka pembeni yake, akainua begi. Davis akampokea, akalibeba hadi kituoni. Gari la Ushetu lilipoanza kuondoka, Asteria alifungua dirisha.

"Nitakupigia nikiweza kuongea."

"Nitasubiri," Davis akasema, na safari hii hakuongeza kitu.