Aliyeunguza Auguze

Paka akijisaidia hufukia. Ni adabu aliyozaliwa nayo, na kuna binadamu wamekaa chuoni miaka saba hawaijui. Kwa hiyo asubuhi ile Bi Ikram alipokuta mavi ya paka yamekaa juu ya mchanga wake, hayakufunikwa hata punje, aliona amedharauliwa.

"Haya," alisema peke yake. "Sasa hata kufukia nanyimwa."

Mchanga huo aliuchota ziwani mwenyewe, beseni kwa beseni, akautandaza uani kwake, hapo Ujiji, kuanikia dagaa. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na dagaa ndio walikuwa mume na ndio walikuwa watoto. Lakini ungekuwa wewe paka, ukaona mchanga laini, mkavu, umechekechwa, ungedhani nini? Ungedhani umejengewa choo. Paka wa jirani alidhani hivyo hivyo.

Jirani mwenyewe alikuwa Consolate, Mrundi, hajafika miaka thelathini. Alivuka ziwa miaka ile vita vilipokuwa vikiwamwaga watu upande huu kila siku, na serikali ikasema wote waende kambini. Yeye hakwenda. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ua wa matete, yeye na paka wake aliyemwita Kayabu, maana kwao akayabu ndiyo paka. Hakuhangaika kutafuta jina.

Kumpiga paka Bi Ikram hakuweza. Alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu, na habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa alifundishwa tangu utotoni. Akatafuta njia za upole. Alitawanya maganda ya ndimu. Alizungushia matawi ya mchongoma. Jioni alinyunyiza maji mchangani, kwa kuwa paka hapendi kulowa miguu. Consolate naye, kwa aibu, alileta beseni bovu, akalijaza mchanga, akaliweka mlangoni kwake.

"Mama, tumupe choo yake. Paka yangu haina ubaya, haina mahali tu."

Kayabu akakubali. Basi ugomvi ukaishia hapo, ila Consolate aliendelea kuja kila jioni kukagua miba, na akija anakaa, na akikaa anapewa chai. Tangu mumewe afariki, Bi Ikram alikuwa akimaliza wiki nzima bila kusikia jina lake likitajwa ndani ya nyumba yake. Sasa akawa anaosha vikombe viwili kabla hajapigiwa hodi. Balozi wa mtaa, Mzee Hamdani, alipokuja kuuliza mgeni ni nani, Bi Ikram alimwambia ni mtoto wa wifi yake, katoka Ilagala. Mzee Hamdani akamsikiliza Consolate akisalimia, akakuna kidevu. "Kumbe Ilagala siku hizi wanazungumza hivi," akasema, akaenda zake.

Jioni moja Consolate alimtaja mwanawe, Bonfils, aliyekufa wakiwa njiani.

"Nilimuunguza siku tisa, Mama. Peke yangu."

Bi Ikram alimwaga chai. "Ulimuunguza?"

"Alikuwa na homa. Nikamupa maji, nikamufunika..."

"Aa! Ulimuuguza. Mgonjwa anauguzwa. Kuunguza ni moto, mwanangu. Usije ukasema hivyo mbele za watu, watakufunga."

Consolate akacheka kwa mara ya kwanza tangu waonane, akayarudia maneno yote mawili, na kesho yake akakosea tena.

Ilibaki pembe moja tu ya ua, pale matete yanapokutana na ukuta. Pale Kayabu hakuacha kuja. Wala hakuchimba. Alijisaidia juu juu, akarudi kinyumenyume, masikio yamelala. Bi Ikram akaona ni ile harufu ya zamani inayomwita, itolewe. Akachemsha sufuria ya maji na ndimu, akatoka nayo saa sita na nusu, jua la utosi, uani hakuna hata kivuli. Alimtafuta paka kila mahali asije akamuunguza. Alichungulia mpaka kwa Consolate, akamwona Kayabu amelala kwenye beseni lake. Moyo ukatulia. Akamwaga.

Hakusema bismillahi. Hakusema "tupisheni." Mtu mzima, mzaliwa wa Ujiji, aliyeambiwa na bibi yake mara mia kwamba maji ya moto hayamwagwi chini kimya kimya, saa kama ile, kwa sababu hatuko peke yetu hapa. Siku hiyo alikuwa na huruma ya paka tu.

Mchanga ukalia.

Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, kikaenda juu, kikakatika, na ikapanda harufu ya nywele zilizoungua. Sufuria ilimtoka mkononi. Alipopata nguvu ya kuchungulia, hapakuwa na kitu, mvuke tu na maganda ya ndimu.

Kesho yake, saa ile ile, akapigiwa hodi.

"Hodi wenyewe." Sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu mwenye heshima zake. Bi Ikram akafungua, hakuona mtu. Lakini kwenye mchanga palikuwa na nyayo za kitoto, zimelowa, mguu mmoja umekanyaga na mwingine umeburutwa, nazo zilikuwa zinatoka kwenye ile pembe na kuja mlangoni, na mbele ya macho yake ikaongezeka moja, kisha ikaongezeka nyingine, ndani ya kizingiti. Na ile sauti ikasema sikioni kwake, bila hasira yoyote, "Nimekuletea mtoto. Aliyeunguza auguze."

Kuanzia hapo kila adhuhuri mtoto alilia chini ya kitanda cha Bi Ikram, kilio cha koo lililokauka, na chumba kikanuka ngozi mbichi hata akifukiza udi, na akikaa uani kilio kinamfuata uani, na akienda sokoni akirudi anakuta shuka limelowa mahali padogo kama pa mtoto aliyelala, na akiligusa lina moto, na lile neno linarudiwa na mama yule asiyeonekana, taratibu, kama mtu anayedai haki yake na ana muda wote duniani. Bi Ikram hakumgusa mtoto. Aliogopa, tena sana. Alisikia tangu zamani kwamba mtu akimlea mtoto wa majini, huwa mmoja wao.

Consolate aliona tu kwamba Mama anakonda. Akaja kukaa naye mchana.

"Kuna mutoto wa nani analia?" aliuliza.

"Wa mbali huko," alisema Bi Ikram.

Siku ya sita alimwita Maalimu Luqman wa Bangwe. Maalimu alikuja mapema, akakaa mkekani na kitabu chake, Consolate akashika chetezo cha ubani. Alisoma mpaka jasho likamtoka, akafunga kitabu, akazungumza kwa sauti ya kunong'ona.

"Hawa hawataki damu wala halua. Wana mtoto wao ameumizwa hapa na wanataka haki. Siwezi kuwafukuza kwa haki yao. Nitauliza swali moja, na aliyefanya aseme ni mimi. Akishasema, mtoto ni wake mpaka apone, na nyumba nyingine zote zitakuwa salama." Akawatazama wote wawili. "Bi Ikram, wewe uliniambia hujui kitu."

"Sijui, Maalimu."

Mtoto akaanza kulia chini ya kitanda. Safari hii hata Maalimu alimsikia.

"Nani aliyemuunguza mtoto?"

Bi Ikram alifumbua mdomo. Wallahi alifumbua. Aliliona neno lile limekaa ulimini, fupi tu, na nyuma yake akaona maisha yake yaliyobaki, chumba hiki, harufu hii, kitu kile kifuani mwake, na ulimi ukawa mzito, na ndani ya ule ukimya, upande wa chetezo, mtu akasema kwa machozi:

"Ni mimi, Maalimu. Ni mimi nilimuunguza. Siku tisa, peke yangu."

Maalimu akageuka. Hakumjua Bonfils, wala hakujua jinsi huyu binti alivyokuwa akiyachanganya yale maneno. Mtu mmoja tu alijua. Consolate alimtazama huyo mtu, kama alivyomtazama siku zote akitaka kujua amesema sawa au amekosea. Bi Ikram akainamisha kichwa.

Moshi wa ubani, uliokuwa unapanda wima, ukalala, ukapita mlangoni, ukavuka uani na kuingia kwenye matete. Kilio kikahama nao.

"Alhamdulillahi," alisema Maalimu Luqman. "Imekwisha."

Kwake iliisha kweli. Adhuhuri zilirudi kuwa adhuhuri. Lakini Consolate hakuja jioni ile, wala ya pili. Siku ya tatu Kayabu aliruka ua, akaingia ndani kwa Bi Ikram, akajibana nyuma ya pipa, na hata alipowekewa dagaa hakutoka. Kutoka ng'ambo ya matete ilisikika sauti ya Consolate, nyembamba, inabembeleza: "Hora, hora." Na kitu kikajibu kwa kuguna, kama mtoto aliyeshiba.

Bi Ikram alivumilia siku nane. Sijui alizivumiliaje. Vikombe viwili aliviosha kila jioni. Ya tisa akaenda.

Chumba kilikuwa giza mchana kweupe, dirisha limezibwa kwa gunia. Consolate alikaa mkekani, mashavu yameingia ndani, kifuani na mikononi ana malengelenge. Amepakata kitenge kilichofungwa. Kitenge kilikuwa kinapumua.

"Polepole, Mama. Amelala."

"Konsolate, mwanangu, huyo si Bonfils."

"Najua. Bonfils nilimuzika na mikono hii."

Bi Ikram akapiga magoti. "Ni neno tu ulilikosea. Mimi ndiye niliyemwaga maji. Nilijua unasema nini, nikakuacha. Mungu anisamehe, nilikuacha."

"Nilikosea, ndiyo," alisema Consolate. "Kisha nikakuangalia usoni, Mama, ukaangalia chini. Hapo nikaelewa yote. Ningeweza kusema hapana." Akakivuta kitenge karibu zaidi. "Lakini nikaona huyu mutoto hana mutu."

Bi Ikram alisimama katikati ya chumba kile, akapaza sauti kwa dari, kwa kuta, kwa yeyote aliyekuwamo. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemuunguza! Njoo kwangu! Mwacheni huyu, mleteni mtoto kwangu!" Alisema mpaka sauti ikakwama.

Nyuma ya mlango, yule mama akajibu kwa upole, kama jirani anayekataa chakula kwa kuwa ameshakula. "Ameshamzoea huyu."

Wiki iliyofuata gari lilipita na kipaza sauti, wakimbizi wote waliojificha mjini wajitokeze wapelekwe kambini. Bi Ikram alikimbia kwa Mzee Hamdani kuapa tena habari za Ilagala. Mzee akamsikitikia. "Bi Ikram, mwenyewe kaenda kujiandikisha alfajiri."

Alimkuta kwenye foleni, lori limeshawaka. Karani wa meza hakuinua kichwa.

"Mko wangapi?"

"Wawili."

Karani akanyoosha mkono afunue kitenge, amwone huyo wa pili. Akaurudisha mbio, akapuliza vidole. Kisha akaandika wawili.

Bi Ikram alijipenyeza mpaka ubavuni mwa lori, watu wameshapanda. "Konsolate!" aliita. "Mwanangu! Konsolate!"

Consolate alimwona. Alitabasamu, akaweka kidole mdomoni kumwonyesha kwamba mtoto amelala, na Bi Ikram akanyamaza.