Mzee Aliyeniita Aabo

Binamu yangu Abdikafi aliwahi kwenda Uganda kuona masokwe, na tangu siku hiyo hatujapumua. Chai ikichelewa: "Kule kwa masokwe..." Mbuzi akikohoa: "Sokwe naye hukohoa hivyo." Alirudi kijijini kwetu Sangailu na kofia pana na cheo alichojipa mwenyewe: mwongoza watalii. Watalii hana. Basi jioni moja akanikokota mimi hadi Msitu wa Boni, afanyie mazoezi kichwani mwangu. Masokwe hatuna, akasema, tutaangalia mbega. Ni kama kukosa ngamia ukaringia paka.

Mke wangu Barni alinizuia mlangoni, tumbo la mimba limeshuka.

"Hashi, rudi kabla ya magharibi."

"Kwani huko naogopa nini? Abdikafi?"

Hakucheka. Watoto wetu wawili tuliwazika kabla ya siku ya saba, siku ya kupewa jina. Huyu wa tatu nilishamchagulia lake, kimoyomoyo. Sikumwambia mtu. Hata Barni.

Msituni, Abdikafi alitembea ameinama kama mwizi wa kuku.

"Shh! Walaal, ndugu yangu, usiwatazame machoni."

"Kina nani?"

"Mbega."

"Wako wapi?"

"Bado."

Jua likazama. Mbega hata mkia. Bwana mwongozaji akaenda kutafuta njia aliyoipoteza mwenyewe, nikabaki juu ya gogo nikimcheka.

Halafu ndege wakanyamaza.

Kwaru... kwaru...

Kama ukuni unaosuguliwa kwenye ngozi kavu. Ikafuata harufu. Mzoga.

Kwetu husimuliwa habari za Qori Ismaris, mtu anayejisugua kwa kijiti magharibi akawa fisi, alfajiri akajisugua tena akawa mtu. Mimi hadithi hiyo nilikuwa naiigiza harusini, natambaa kwa miguu minne mpaka kina mama wanashika mbavu.

Mzee akatokea kati ya miti. Ndevu nyekundu za hina. Kijiti mkononi.

"Assalaamu alaykum," akanong'ona.

"Wa alaykum salaam."

Kwetu ukikutana na mgeni porini unamuuliza ukoo. Atataja jina lake, la baba, la babu, akipanda hivyo hivyo mpaka mjue mnakutana wapi. Nikauliza, lakini kwa dharau yangu ile ile:

"Mzee, wewe wa nani? Au ndiwe sokwe wa Abdikafi?"

"Mimi Hanad."

Ndilo jina nililolificha.

"Hanad wa Hashi," akaendelea, polepole. "Wa Abdullahi. Wa Bulle. Wa Deeq..."

Baba yangu na babu zangu. Wote, kwa mpangilio.

Na Hashi ni mimi.

Akasogea. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Mbona unanicheka, Aabo?"

Aabo. Yaani baba.

Nilikimbia. Nilimpita Abdikafi njiani. Akadhani nimeona mbega, akatoa simu apige picha. Mjinga yule!

Nyumbani nilikuta wanawake wamejaa. Barni alikuwa amejifungua magharibi ile ile. Mvulana. Mzima.

Siku ya saba mbuzi akachinjwa, wakaniuliza jina.

"Salah," nikasema.

"Salah wa wapi?" Barni akashangaa. "Kwenu hakuna Salah hata mmoja."

"Ndiyo maana."

Sasa mtoto anakimbia. Hajawahi kuugua hata mafua. Abdikafi anasema niliota kwa njaa, na eti anayesema hivyo ni mtu aliyeupoteza msitu mzima akiwa ndani yake. Jana jioni alikuja kunywa chai, nami nikawa namsimanga kama kawaida.

Kwaru... kwaru...

Nyuma ya nyumba.

Nikazunguka. Salah alikuwa ameketi mavumbini, amenipa mgongo. Anajisugua bega kwa kijiti. Taratibu.

"Salah!"

Hakugeuka.

"Salah, njoo kwa Aabo!"

Kwaru... kwaru...

Liko jina moja ambalo najua ataliitikia. Nilisimama pale, giza likiingia, nimelibana kwa meno.